Mi naitwa Juma ila kalenda inasema nilizaliwa Alhamisi, wazee walikosea?

Swali limetoka kwa kijana anaitwa Juma, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa Pangani tarehe 7 Machi 1991, na toka utotoni naambiwa niliitwa Juma kwa sababu nilizaliwa Ijumaa. Juzi nimefungua kalenda ya kwenye simu nikarudisha nyuma mpaka 1991 nakuta tarehe hiyo ni Alhamisi. Mama hataki hata kusikia, anasema alinizaa isha ikiadhiniwa na ilikuwa Ijumaa, basi. Kazini nako mmoja ananiambia Juma maana yake ni wiki tu, mwingine anasema ni mkusanyaji. Mke wangu mjamzito na babu naye alikuwa Juma, kwa hiyo nataka nijue kabla sijampa mtoto jina. Wazee walikosea? Nilitakiwa niitwe Hamisi?"

Marahaba kaka Juma. Simu yako inasema kweli, na mama yako naye anasema kweli, na usije ukaenda kumbishia tena maana hapo kwenye neno "isha ikiadhiniwa" ndo jibu lote limelala, we umelipita tu.

Iko hivi. Hiyo kalenda ya simu siku inaanza saa sita usiku, watu wamelala, hakuna kitu chochote kinachotokea angani wala ardhini, tarehe inageuka tu. Siku ya Mswahili wa zamani ilikuwa haianzi hivyo. Siku ilikuwa inaanza jua likizama. Jua likishachwa Alhamisi, magharibi ikiingia, Alhamisi imekwisha, kinachofuata ni usiku wa Ijumaa, na huo usiku ni wa Ijumaa kwelikweli, unatangulia mchana wake kama mwezi unavyoandama jioni halafu ndo kesho yake inahesabiwa tarehe moja. Mwezi Machi jua la Pangani linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, isha inakuja kama saa moja na zaidi baadaye. Kwa hiyo ulipotoka wewe, kwa hesabu ya mama yako na mkunga na kila mtu aliyekuwa uani akisubiri, Ijumaa ilishaingia zamani. Aliyeandika cheti akaandika tarehe ya serikali ambayo bado ilikuwa Alhamisi mpaka saa sita usiku. Hakuna aliyekosea hapo, ni kalenda mbili zimekutana kwenye kitanda kimoja cha uzazi.

Mi mwenyewe hii kitu nilijifunza kwa aibu. Mi mtu wa bara, nilipoajiriwa pwani mara ya kwanza jirani yangu akanialika maulidi, akaniambia karibu usiku wa Ijumaa. Nikajiandaa, Ijumaa jioni nikaoga nikavaa kanzu ya kuazima nikaenda, nakuta mikeka imekunjwa, mama mwenye nyumba anaosha masufuria, ananiangalia mwalimu wa watu vipi. Maulidi ilisomwa jana yake. Kwake yeye alinambia wazi kabisa, usiku wa Ijumaa, we ungetaka aseme nini tena? Kuanzia siku hiyo nikawa nauliza kila mara "usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi", na ukiangalia hata watangazaji wa redio siku hizi wanasema "usiku wa kuamkia" kwa sababu hiyohiyo, ukisema "usiku wa Ijumaa" nusu ya wasikilizaji wanaelewa hivi nusu vile.

Na bado mabaki ya hiyo hesabu yapo kila mahali, sema tumeyazoea hatuyaoni. Ramadhani ikiandama watu wanaswali tarawehe usiku uleule kabla hata hawajafunga siku moja, kwa nini? Kwa sababu mwezi mosi umeshaanza jioni ile. Hitima na nyiradi za Ijumaa zinasomwa Alhamisi jioni. Hata saa zetu zenyewe, saa moja usiku ni saa moja baada ya jua kuzama, yaani tunaanza kuhesabu pale giza linapoingia.

Sasa tuje kwenye jina lenyewe, na hapa ntakaa kidogo.

Asili ni Kiarabu, jumʿa, kutoka kwenye mzizi wa herufi tatu, jim, mim na ain, ambao wazo lake ni kukusanya, kuleta pamoja. Siku ya kukusanyika kwa swala ndo ikaitwa hivyo, na kwenye Kurani ipo sura nzima ya jina hilo, ya 62, ina aya 11, na aya ya 9 ndo ile inayowaambia waumini wakisikia wito wa swala siku ya Ijumaa waache biashara waende. Wasimulizi wa Kiislamu wanasema kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa wanaiita siku hiyo Aruba. Kwa hiyo huyo wa kazini aliyesema "mkusanyaji" yuko jirani ila kakosa mlango. Mkusanyaji kwa Kiarabu ni jamiʿ, huyo ni mtendaji. Jumʿa ni mkusanyiko, ni tukio lenyewe, ndo ikawa siku. We sio anayekusanya, we ni ile siku watu wanapokutana.

Hiyo herufi ain sisi hatuna, koo zetu hazikuitaka. Tulichofanya ni kuiacha ikayeyuka, na pale ilipokuwa ikabaki irabu imerefuka, ndo maana tunaandika Ijumaa na aa mbili, na wapo watu hasa pwani ya Kenya wanaoandika jina Jumaa, mkazo unakaa kwenye "ma". Wewe wako umefupishwa zaidi, mkazo umerudi mwanzoni, JU-ma. Ni jina lilelile. Ukienda Misri utalikuta linaitwa Gomaa maana wao hapo wanatamka g, mufti wao wa zamani Ali Gomaa jina lake hilo la pili ni wewe. Waturuki wanaandika Cuma, c yao inasomwa kama j yetu, na ni siku na ni jina la mtu vilevile.

Halafu sasa ndo inakuja hiyo ya "wiki". Huyu wa kwanza wa kazini kasema kweli ila kasema nusu. Kwa Kiswahili juma kweli ni siku saba, na hilo halikutokea kwetu tu, Waarabu wa upande wa Shamu, yaani Siria na majirani zake, nao wanasema jumʿa wakimaanisha wiki. Mantiki yake nyepesi, siku moja kubwa inarudi kila baada ya siku saba, unaanza kuhesabu muda kwa kurudi kwake, Ijumaa mbili zimepita, Ijumaa tatu zimepita, mwisho jina la siku linavaliwa na muda wote. Wayahudi wa zamani walifanya hivyohivyo na sabato. Neno wiki limekuja baadaye na Kiingereza, likalisukuma juma pembeni, sasa hivi ukisema "majuma mawili" mtaani watu wanakuona unasoma taarifa ya habari, na "mwisho wa juma" imeshapigwa na wikendi zamani. Mi nalipenda juma, lakini sitamdanganya mtu, nikiwa naongea na simu nasema wiki.

Ila hapa kuna kitu kizuri nataka ukione. Ulishawahi kujiuliza kwa nini Jumamosi ni mosi? Watu wengi wanaitamka maisha yao yote hawaisikii. Ni juma-mosi, ya kwanza ya juma. Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Ina maana mhesabuji alisimama kwenye Ijumaa, akaimaliza, halafu akaanza upya: moja, mbili, tatu. Hesabu yote ya wiki ya Mswahili imening'inia kwenye jina lako. Waturuki nao wana hiyo, Jumamosi wanaiita Cumartesi, yaani ile inayofuata baada ya Cuma.

Sasa hesabu ukifika tano unategemea ya sita, Jumasita, si ndiyo? Hamna. Badala yake kunaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano, ni tano hiyohiyo iliyomo kwenye hamsini. Waarabu wao wanaanza kuhesabu na ile tunayoiita Jumapili, wanaiita al-ahad, ya kwanza, kwa hiyo Alhamisi kwao inafika ya tano kihalali kabisa. Sisi tumechukua siku tano za hesabu yetu tukazishona na mbili za hesabu yao na mshono unaonekana, tuna siku mbili za tano zimekaa pamoja, Jumatano na Alhamisi, na ya sita haipo kabisa. Kuna watu hili linawakera, mi linanifurahisha, ni kama nguo ya fundi wawili.

Na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanayo yao pia. Kwenye habari za kufufuka imeandikwa "siku ya kwanza ya juma", na wote wanajua ni Jumapili, siku ambayo jina lake lenyewe linasema mimi ni wa pili. Inasomwa kila Pasaka, na siku mbili kabla ya hapo wametoka kuadhimisha Ijumaa Kuu, hakuna anayeshtuka. Na ndo hivyo, jina la siku likishazoeleka masikio yanaacha kulifungua.

Kwa hiyo ulivyouliza kama ulitakiwa uitwe Hamisi: kwa hesabu ya simu ndiyo, ungekuwa "wa tano". Kwa hesabu ya nyumba uliyozaliwa hapana. Na jina hutoa nyumba.

Tuendelee. Kwa sababu mtu na wiki wanatumia neno moja, sarufi ndo inayowatenganisha, na hii nilikuwa nawafurahisha nayo wanafunzi. Sema "Juma limekwisha", wiki imeisha, kesho tunaanza nyingine. Sema "Juma amekwisha", hapo ndugu yetu ana hali mbaya, mpelekeni hospitali. "Juma lijalo Juma atakuja", hakuna Mswahili atakayechanganya, li- ni wiki, a- ni mtu. Wingi wake pia, wiki zikiwa nyingi ni majuma, ila darasa langu moja lilikuwa na vijana wanne wa jina hilo sikuwahi kusema majuma, ni akina Juma, halafu mmoja alikuwa Juma mrefu, mwingine Juma wa mbele, mwingine Juma Sudi kwa jina la baba yake, wa nne sikumbuki tulimwitaje, alikuwa mkimya.

Ndugu wa jina lako kwenye Kiswahili ni wengi kuliko unavyodhani. Ule mzizi wa kukusanya umetuzalia jamaa, watu waliokusanyika na damu au urafiki. Umetuzalia jamii. Umetuzalia jumuiya, jumuika, jumuisha. Msikiti wa jamia ni huohuo, ule mkubwa unaoswaliwa Ijumaa. Na ukichukua jamaa ukaitia u- mbele unapata ujamaa, ile ya Azimio la Arusha la 1967, na mwaka huohuo 1967 ndo ilianzishwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza iliyokuja kuvunjika 1977. Siasa yetu ya mwaka mzima ilikuwa inazungukia herufi tatu za jina lako bila mtu kupanga. Yupo pia ndugu wa chumbani, kujamiiana, naye ni wa ukoo huu huu, kukutana ni kukutana, siendelei maana we unasubiri mtoto unajua.

Ila wapo wanaojipenyeza kwenye ukoo sio wao. Jumla unaweza kudhani ni ndugu, inasikika karibu na maana nayo ni kuweka vitu pamoja, lakini mzizi wake ni jim, mim na lam, ukoo mwingine kabisa. Jamhuri nayo ina herufi zake nne, sio ya kwenu. Jumba ni nyumba iliyokuzwa tu. Kuna mtu alishaniambia kwa uhakika kabisa kwamba Juma na jumbe ni kitu kimoja kwa sababu majumbe walikuwa wanakusanya watu, nikamwambia hadithi tamu lakini jumbe ni neno la kwetu la kibantu, halijawahi kupita Uarabuni. Maneno kufanana sauti sio undugu, ingekuwa hivyo paa wa porini na paa la nyumba wangerithiana.

Sasa kuhusu picha ambayo jina linaleta kichwani, maana maana ya jina sio asili yake tu. Mwambie mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi huku "Juma", usimwongezee kitu, muulize ameona nini. Atakuona mvulana mwenye kaptula. Anapiga mpira. Juma amekuwa akipiga mpira kwenye vitabu vya Kiswahili kwa miaka na miaka, halafu ukifika somo la kauli ya kutendwa mpira unapigwa na Juma, Asha yuko pembeni anapika au anafagia (hiyo ni mada nyingine na ina ugomvi wake). Kwenye hesabu Juma ana maembe kumi anampa Asha manne. Wanaisimu nao wakitaka mfano wa sentensi ya Kiswahili mara nyingi Juma ndo anaitwa, hata kwenye makala za Kiingereza za vyuo vya mbali utamkuta Juma kakaa pale anasoma kitabu, anamwona mtoto, analeta maji. Ndo mtu wa mfano, mtu wa kawaida, yeyote. Wapo akina Juma inawaudhi, wanasema jina langu limekuwa kama nafasi tupu ya kujaza. Mi naona kinyume, jina huwa halifanywi mfano mpaka liwe limeenea kiasi kwamba mwalimu akilitaja hakuna mtoto atakayeuliza ni nani huyo.

Na limeenea kweli. Mwanariadha Juma Ikangaa alishinda mbio ndefu za New York mwaka 1989. Mombasa walikuwa na Juma Bhalo kwenye taarab, Temeke wana Juma Nature kwenye bongo fleva. Halafu likavuka dini, watu wengi hawalioni hili. Bara, hasa Kenya ya magharibi, Juma limekuwa jina la ukoo la watu ambao msikitini hawajawahi kuingia, yule profesa wa Harvard aliyefariki 2017, Calestous Juma, huwezi kuweka jina Calestous na Juma ukapata dini moja, lakini ndo jina lake na lilimkaa vizuri. Kwa hiyo ukiniuliza kama Juma ni jina la Waislamu ntasema limezaliwa huko, lakini limeolewa kila mahali.

Siku za wiki kuwa majina ya watu sio letu peke yetu, ila kila watu wana namna yao. Waakani wa Ghana kila siku ina jina la kiume na la kike, aliyezaliwa Ijumaa mwanamume ni Kofi, ndo Kofi Annan huyo aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1997 mpaka 2006, kwa hiyo kwa tafsiri ya haraka haraka dunia ilishawahi kuongozwa na Juma. Wahausa wana Danjuma, mwana wa Ijumaa, na msichana ni Jummai. Huku kwetu mpangilio sio kamili kihivyo, Hamisi na Juma wako wengi, Jumanne wako wengi hasa bara, akina Mosi, Pili na Tatu nao wapo ila hao wengine ni namba ya kuzaliwa sio siku, lazima uulize. Na Jumanne limesafiri mbali, Wamarekani weusi walipoanza kuchukua majina ya Kiswahili likafika kule likaandikwa Jumaane, New York wana kiongozi wa kuchaguliwa anaitwa Jumaane Williams. Jumatano sijui limewakosea nini wazazi, mi sijawahi kufundisha Jumatano hata mmoja.

Kuna kitu hukuuliza lakini ntakigusa kwa sababu najua utakutana nacho ukianza kutafuta "maana ya jina Juma" kwenye simu: utaambiwa Juma ni mtu mkarimu, mwenye bahati, rangi yake ya kijani, nyota yake hii, asioe mwenye herufi fulani. Zamani waganga walikuwa na hesabu ya abjadi, kila herufi ya Kiarabu ina namba, jim 3, mim 40, ain 70, ile ya mwisho 5, jumla 118, halafu unagawanya wanavyojua wao unaambiwa nyota yako. Angalau wale walikuwa wanajua kuhesabu. Hawa wa mtandaoni wananakili tu sifa zilezile wanabadilisha jina, nimefungua ukurasa wa Juma na wa Hamisi nikakuta sifa ni zilezile hata makosa ya uandishi yako palepale. Jina linabeba siku, linabeba babu, linabeba mahali. Tabia utaileta mwenyewe.

Turudi kwa mtoto wako. Umesema babu yako alikuwa Juma, na hapo umeshajijibu. Mtoto wa Jumatatu anaweza kuitwa Juma, wa Jumatano pia, kwa sababu yule hapewi siku, anapewa babu. Ndo maana huku pwani unakuta Juma Hamisi Juma, Ali Juma Ali, majina yanaruka kizazi yanarudi, na ukianza kumkagua kila Juma na kalenda utakuta wengi sana siku hazilingani na hakuna aliyedanganya, sema siku ilikuwa ya mzee wa kwanza, hawa wanaofuata wamerithi kama mtu anavyorithi shamba asilolipanda. Wewe umebahatika una vyote viwili, babu na siku. Akiwa wa kike lipo Mwanajuma, wengine wanasema Mwajuma, jina la heshima kabisa, mabibi zetu wamelivaa, na wala halijachuja pamoja na kwamba wasichana wa mjini wanalikimbia. Na kama mnafanya akika siku ya saba ndo mnatangaza jina basi mna juma zima la kufikiria, hakuna haraka.

Kitu kimoja tu cha vitendo. Akizaliwa andikeni na saa, sio tarehe peke yake. Cheti kitachukua tarehe, kitaishia hapo. Nyie kwenye daftari la nyumbani andikeni alizaliwa saa ngapi na kama magharibi ilikuwa imeingia au bado, maana miaka thelathini ijayo naye atafungua hicho watakachokuwa wanakiita simu, atarudisha nyuma, halafu atakuja kumbishia mama yake. Msalimie mama, na ukipata nafasi muulize mkunga alikuwa nani usiku huo wa Ijumaa, wakunga wa zamani walikuwa wanakumbuka mpaka mvua iliyonyesha.